Milima ya Bujumbura inalegea: kwa nini Mutanga Sud inahofia mvua inayonyesha mbali

Kwa mkazi wa Mutanga Sud, mvua ya kuogopwa si lazima iwe ile inayopiga bati la nyumba yake. Huenda imenyesha saa kadhaa kabla, juu milimani, katika vilima asivyoviona kwa sababu ya wingu lililovifunika, huku mtaani kwake jua likiwaka. Ishara ya kwanza ni sauti: mngurumo wa mawe yanayogongana chini ya korongo la mto Ntahangwa. Ishara ya pili, kwa wale waliojenga karibu mno na ukingo, ni ufa.

Mutanga Sud ni mtaa wa tarafa ya Mukaza, kwenye mteremko unaopanda kutoka katikati ya jiji la Bujumbura kuelekea mashariki. Korongo la Ntahangwa ndilo linaloitenganisha tarafa hiyo na ile iliyo upande wa pili, ambayo imepewa jina la mto wenyewe. Kwa miaka mingi korongo hilo limekuwa likipanuka. Limekula bustani, kuta za nyua na njia za waenda kwa miguu, na katika mitaa ya kandokando yake, kama vile Mugoboka, Nyakabiga na Kigobe, limefikia misingi ya nyumba.

Mjadala wa Bujumbura kuhusu balaa hili kwa kawaida huanzia na kuishia hapo ukingoni: nani alipewa kiwanja mahali pasipofaa, nani ajenge ukuta, nani alipe fidia. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, ukingo ni mwisho wa habari. Mwanzo wake uko juu, kwenye miteremko ya Mirwa, na huko swali ni lile linaloulizwa kila majira ya baridi katika nchi za theluji: hali ya hewa ya mlimani inapobadilika, ni kitu gani kinachouzuia mteremko usianguke, na ni nani anayeupima?

Tabaka dhaifu

Katika milima ya Alpi barani Ulaya, theluji haikai mlimani kama kitu kimoja. Kila dhoruba huacha tabaka lake. Tabaka moja likiwa na chembe zisizoshikana, mfano wa sukari, kila kitakachowekwa juu yake kinakuwa kimekaa juu ya kitu kisichoaminika. Theluji mpya ikiongezeka, upepo ukairundika upande mmoja, au joto likapanda ghafla na maji yakapenya ndani, tabaka hilo hukatika na yote yaliyo juu yake huteremka kwa pamoja. Ndiyo maana wataalamu wa huko hawaulizi tu theluji ni nyingi kiasi gani. Huchimba shimo, hutazama matabaka, kisha hutoa taarifa. Taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji, yenye makao yake Davos, hutoa taarifa hiyo kila siku katika majira ya baridi, na hatari hupangwa katika ngazi tano zinazotumika kwa pamoja Ulaya tangu mwaka 1993.

Afrika Mashariki nayo ina barafu, ingawa inaaga. Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu kati ya mwaka 1912 na 2007, na mwaka 2022 shirika la UNESCO lilionya kuwa barafu ya mlima huo na ya Mlima Kenya huenda ikatoweka kabisa ifikapo mwaka 2050. Lakini kinachoua watu katika milima ya ukanda huu ni udongo.

Udongo wa mlimani unatii kanuni inayokaribiana sana na ile ya theluji. Chini kuna mwamba mgumu. Juu yake kuna mwamba uliooza kwa maelfu ya miaka ya joto na unyevu hadi ukawa kama kifusi. Juu zaidi kuna udongo wa kilimo. Kinachoushikilia mteremko ni msuguano na mshikamano wa chembe zake. Maji yakiingia kidogo, huzishikamanisha chembe, kama inavyojua kila mtoto aliyejenga nyumba ya mchanga ufukweni. Yakizidi, hujaza matundu yote, huzisukuma chembe zitengane, na yanapofika kwenye mwamba usiopitisha maji hutandaza utelezi chini ya uzito ambao wenyewe umeongezeka. Hapo mteremko uliosimama karne nzima unaweza kuondoka kwa dakika chache.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo ni mbaya kwa Burundi. Theluji huyeyuka na msimu wa hatari ukaisha. Mteremko wa udongo unaweza kubeba jeraha la mvua za mwaka jana, ufa uliojaa majani na kusahaulika, hadi mvua nyingine iukute.

Ukuta nyuma ya jiji

Sura ya nchi inaeleza mengi. Bujumbura imekaa katika bonde la ufa, kando ya Ziwa Tanganyika, mita zisizozidi 800 juu ya usawa wa bahari kwenye mitaa yake ya chini. Mashariki yake ardhi inapanda kwa ghafla hadi kwenye safu ya milima inayogawanya maji ya Kongo na ya Nile, ambayo inapita mita 2,000. Kilele cha Heha, kirefu kuliko vyote nchini, kina mita 2,670. Mwinuko wote huo unapatikana katika umbali usiofika kilomita 30. Miteremko hiyo mikali iliyo kati ya ziwa na safu ndiyo Mirwa.

Mawingu yanayosukumwa dhidi ya ukuta kama huo hupanda, hupoa na kumwaga maji. Safu ya juu hupata mvua nyingi kuliko jiji lililo chini yake, na mara nyingine karibu maradufu. Maji hayo hayana njia ndefu ya kwenda. Yanashuka kwa mito mifupi na ya haraka, Nyabagere, Ntahangwa, Muha, Kanyosha na Mugere, ambayo yote inakatiza jiji au viunga vyake kabla ya kuingia ziwani. Mto wa aina hii hautoi muda wa kufikiri. Maji ya mto mrefu wa tambarare huweza kuchukua siku kadhaa kufika; yale ya Ntahangwa huhesabiwa kwa saa, na pengine pungufu ya hapo.

Jiji lenyewe limejengwa juu ya mizigo ya kale ya mito hiyo: mchanga, changarawe na udongo vilivyoteremshwa kutoka milimani na kutandazwa miguuni pake. Ni ardhi iliyoletwa na maji, na maji yanaichukua tena kwa urahisi uleule. Mkazi wa Nyempundu, katika uliokuwa mkoa wa Cibitoke, huogopa mlima ulio juu ya kichwa chake. Mkazi wa Mutanga Sud huogopa ardhi iliyo chini ya miguu yake.

Usiku wa Februari 2014

Tukio ambalo Bujumbura bado inapimia mengine yote ni la usiku wa kuamkia Februari 10, 2014. Mvua kubwa ilinyesha kwa saa kadhaa kwenye vilima vya kaskazini mashariki mwa jiji. Miteremko ya Gatunguru iliporomoka, barabara kuu ya kitaifa namba moja ikakatika, na maji yaliyochanganyika na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Kamenge, Kinama na Buterere. Zaidi ya watu 60 walikufa, nyumba zipatazo elfu moja zikabomoka, na maelfu ya watu wakaachwa bila makazi.

Kipimo cha mvua kilichonukuliwa zaidi baada ya usiku ule kilikuwa takriban milimita 80. Ni mvua kubwa, lakini pana jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani: kipimo hicho kilitoka uwanja wa ndege, yaani kwenye tambarare karibu na ziwa. Kilichoua kilinyesha mlimani. Mtu anayejaribu kueleza maafa ya milimani kwa kipimo cha tambarare anafanana na daktari anayepima homa ya mgonjwa kwa kumshika jirani yake.

Jingine lililojitokeza usiku ule ni namna poromoko na mafuriko yanavyozaana. Udongo ukianguka ndani ya bonde jembamba huziba mto. Nyuma ya kizuizi hicho maji hujikusanya, na watu wa chini hudhani mto umetulia. Kizuizi kikipasuka, kinachoshuka ni ukuta wa tope, mawe na magogo. Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji, walichapisha uchambuzi wa hatari ya aina hiyo kwa mto Kanyosha, kusini mwa jiji: jinsi poromoko lingeweza kuuziba, bwawa hilo la muda likapasuka na mafuriko yakaenea hadi kwenye makazi. Uchambuzi kama huo kwa kila mto unaokatiza Bujumbura ungekuwa kazi ya gharama ndogo mno ukilinganishwa na gharama ya ukuta mmoja wa zege.

Tangu hapo orodha imerefuka. Usiku wa kuamkia Desemba 5, 2019, vilima vya Nyempundu na jirani zake mkoani Cibitoke viliporomoka juu ya watu waliolala, wasiopungua 26 wakafa. Baadaye mwezi huohuo mafuriko yalivunja nyumba katika mtaa wa Winterekwa, kaskazini mwa jiji. Mwezi Aprili 2024 ilikuwa zamu ya Gabaro, tarafa ya Muhuta, ambako kilima kilichokuwa kikisogea kiliharibu nyumba na barabara ya kusini inayofuata ziwa. Nje ya mipaka, mwezi Mei 2023 pekee uliua zaidi ya watu 400 huko Kalehe, Kivu Kusini, na zaidi ya 130 nchini Rwanda, yote ndani ya siku tatu. Desemba mwaka huohuo tope lilifunika Katesh nchini Tanzania na kuua watu 89. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikameguka.

Je, mvua yenyewe imebadilika?

Hapa uangalifu unahitajika, kwa sababu maneno "mabadiliko ya tabianchi" yamekuwa jibu la haraka kwa kila ukuta ulioanguka, ukiwemo ule uliojengwa vibaya.

Fizikia yake haina utata. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, kadiri ya asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mvuke huo ukigongana na mlima hushuka kwa kishindo kikubwa zaidi. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, linatarajia mvua kubwa za muda mfupi ziongezeke Afrika Mashariki kadiri dunia inavyopata joto. Juu ya mwelekeo huo wa muda mrefu huja mizunguko ya bahari: El Niño, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki mwa Bahari ya Hindi. Mizunguko hiyo iliunyeshea ukanda huu mwishoni mwa mwaka 2019 na tena mwaka 2023. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024, zaidi ya watu 200,000 waliathiriwa nchini Burundi, na serikali pamoja na Umoja wa Mataifa zikalazimika kuomba msaada wa kimataifa. Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari.

Kuthibitisha mchango wa tabianchi katika mvua moja ya siku moja juu ya kilima kimoja ni kazi nyingine kabisa. Baada ya maafa ya Mei 2023 kando ya Ziwa Kivu, kundi la wanasayansi la World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni hiyo hasa, lilijaribu na likakwama. Lilitangaza wazi kwamba vituo vya hali ya hewa vyenye kumbukumbu za kuaminika vilikuwa vichache mno kiasi kwamba haikuwezekana kutoa hukumu. Watu zaidi ya 500 walikuwa wamekufa, na sayansi haikuwa na vipimo vya kutosha kusema mvua iliyowaua ilikuwa ya aina gani.

Upungufu huo ni wa bara zima. Takwimu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, zilizonukuliwa sana mwaka 2023, zilihesabu rada 37 za hali ya hewa barani Afrika dhidi ya 345 barani Ulaya. Setilaiti huziba pengo kwa sehemu. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, linao mfumo unaokadiria hatari ya maporomoko duniani kote kwa kutumia mvua inayoonekana kutoka angani. Lakini jicho hilo huona eneo kwa vipande vya kilomita moja hivi na kwa kuchelewa kwa saa kadhaa. Korongo la Ntahangwa ni jembamba kuliko kipande kimoja, na mafuriko yake huisha kabla ramani haijafika.

Msitu ulioondoka, mifereji iliyokuja

Hata hivyo mvua ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kile inachokikuta chini, na juu ya hilo ushahidi wa eneo hili ni mzito kuliko ule wa angani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu bonde la ufa kutoka kaskazini mwa Tanganyika hadi Kivu ulionyesha kwamba msitu ukikatwa kwenye mteremko mkali, mmomonyoko unaotokana na maporomoko huongezeka mara 2 hadi 8, na wimbi hilo hudumu kwa takriban miaka 15 kabla ya kupungua.

Miaka 15 ina maana yake. Mizizi ya mti uliokatwa haifi siku ileile. Huoza polepole, na udongo uliokuwa umeshonwa nayo hufumuka nyuzi moja baada ya nyingine. Aliyekata mti huenda amekwisha kuhama au kufa siku kilima kinapoanguka. Na kupungua kwa wimbi baadaye hakumaanishi kwamba mlima umepona: sehemu zilizokuwa tayari kuanguka zimekwisha kuanguka.

Serikali ya Burundi haijakaa kimya. Mpango wa kitaifa wa kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, ulizinduliwa mwaka 2018. Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 30 kwa mradi wa kurejesha uoto na kuchimba matuta, na mojawapo ya tarafa zilizochaguliwa ilikuwa Isale, juu kabisa ya Bujumbura. Kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko vilimani kumekuwa sehemu ya kazi za pamoja za wananchi.

Kazi hiyo imeokoa udongo mwingi wa kilimo. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha kwenye mikutano ya uhamasishaji. Mfereji wa kuzuia mmomonyoko unafanya kazi kwa kuyazuia maji yasikimbie juu ya ardhi, na maji yasiyokimbia huingia ndani. Kwenye mteremko wa wastani hiyo ni baraka: shamba linapata unyevu na mto unapungukiwa tope. Kwenye mteremko mkali wenye udongo mzito juu ya mwamba laini, mfereji huohuo unaweza kulinywesha tabaka lile dhaifu maji ambayo lingeyakosa. Dawa ya mmomonyoko si lazima iwe dawa ya maporomoko, na mara nyingine ni kinyume chake. Kujua mfereji uchimbwe wapi na wapi maji yaachwe yashuke kwa mtaro uliosakafiwa kunahitaji ramani ya udongo na miteremko ya kila kilima. Hesabu ya kilomita zilizochimbwa, ambayo ndiyo hutangazwa, haijibu swali hilo.

Vivyo hivyo na miti. Mkaratusi uliopandwa kwa ajili ya nguzo na kuni hukatwa baada ya miaka michache, na hesabu ya mizizi inaanza upya. Mgomba, mmea unaopendwa kuliko yote katika vilima vya Mirwa, una mizizi mifupi. Unafunika ardhi vizuri lakini hauishiki.

Korongo

Turudi Mutanga Sud. Ntahangwa inapofika hapo imekwisha kubeba mawe ya kutosha kuwa na meno. Mafuriko hutafuna sakafu ya korongo na kuikata chini zaidi, na kila sakafu inaposhuka, kuta hubaki zimesimama wima bila mguu. Mara nyingi haziangukii wakati wa mafuriko yenyewe. Maji yanapokuwa juu huzisukuma kuta kutoka nje na kuzisaidia kusimama. Yanaposhuka ghafla, udongo uliolowa hubaki na uzito wake wote bila kitu cha kuuegemeza. Ndiyo sababu familia inaweza kulala ikishukuru kwamba mto umepungua, na kuamka ua ukiwa umekwenda.

Jiji linachangia. Kila paa jipya la bati, kila ua uliosakafiwa na kila barabara iliyotiwa lami kwenye miinuko ya Sororezo na Gihosha hupeleka mtoni maji ambayo zamani yalinywewa na ardhi. Pale ambapo mtaro wa mvua haukufikishwa hadi chini ya korongo, maji ya mtaa hutapikwa ukingoni na kuchonga korongo dogo linalorudi nyuma kuelekea nyumba zilezile zilikotoka. Katika mashtaka yanayoelekezwa milimani, sehemu hii ya lawama huachwa kando, pengine kwa sababu mshitakiwa ni jirani.

Kisha kuna wachimbaji wa mchanga na mawe. Bujumbura inajengwa kwa mawe ya mito yake, na kuna watu wanaoishi kwa kuyachimba, kuyavunja na kuyabeba. Mchanga ukiondolewa kupita kiasi, mto hutafuta mwingine wa kubeba, na huupata kwenye kingo. Mamlaka zimewahi kupiga marufuku uchimbaji huo, lakini marufuku isiyokuja na kazi nyingine kwa mchimbaji wala mawe mengine kwa mjenzi haiwezi kukaa.

Kuta zimejengwa pia. Mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira Duniani, uliimarisha sehemu ya kingo za Ntahangwa kwa kuta na nyavu zilizojazwa mawe. Kazi ya namna hiyo hulinda pale ilipo, kwa muda. Lakini mto unaokuta ukuta mgumu upande mmoja huhamishia nguvu zake upande wa pili au chini zaidi, na sakafu ikiendelea kushuka, msingi wa ukuta wenyewe hubaki hewani. Bila vizuizi vidogo vya kukata kasi ya maji huko juu, kila ukuta unaojengwa Mutanga Sud ni deni linaloandikwa kwa jina la mtaa mwingine.

Tahadhari ya nani, kwa nani

Mnamo Mei 28, 2025, sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten nchini Uswisi ilifukiwa na barafu na mawe yaliyoporomoka kutoka mlima ulio juu yake. Kijiji kilikuwa na wakazi wapatao 300, na karibu wote walinusurika, kwa sababu waliamriwa kuondoka siku tisa kabla. Mlima ulikuwa ukitazamwa. Ulipoanza kusogea, ilijulikana.

Haitakuwa haki kuilinganisha Burundi na Uswisi kwa mali. Lakini sehemu ya kilichookoa Blatten haikuwa mali. Kulikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuutazama mlima, na kulikuwa na mwenye mamlaka ya kusema "ondokeni" na akasikilizwa. Burundi ina taasisi yake ya jiografia na hali ya hewa, IGEBU, inayotoa utabiri wa misimu na wa siku. Inao utawala unaofika hadi ngazi ya kilima, na redio inayosikika karibu kila nyumba. Kinachokosekana ni uzi wa katikati: kipima mvua juu ya Isale kinachosomwa usiku, kiwango kilichokubaliwa mapema kwamba mvua ikifika hapa watu wa kingo waondoke, na simu inayopigwa mtaani bila kusubiri kibali kutoka ofisi ya juu. Vipima mvua si vitu vya bei kubwa. Mtu wa kukisoma kimoja saa nane za usiku, na wa kuamini alichosoma, ndiye mgumu kupatikana.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Antonio Guterres aliahidi mwaka 2022 kwamba kila mtu duniani atakuwa amefikiwa na mifumo ya tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Kwa mito kama Ntahangwa, ahadi hiyo itapimwa kwa dakika.

Kuhama, lakini wapi?

Linabaki swali ambalo hakuna mwanajiolojia anayeweza kulijibu peke yake. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka ukanda wa mita 150 uachwe wazi kandokando ya Ziwa Tanganyika, na inaweka kinga nyembamba zaidi kwa mito. Ukanda huo ungepimwa leo kando ya Ntahangwa, ungepita ndani ya viwanja vilivyopimwa na kupewa hati miaka mingi iliyopita, wakati ukingo ulikuwa mbali. Wenye viwanja hivyo hawakuvamia mto. Mto ndio uliowafuata.

Kwa mwenye hati wa Mutanga Sud kuna jambo la kujadili: fidia, kiwanja mbadala, mahakama. Kwa mpangaji wa Mugoboka, au kwa familia iliyojenga kwa matofali ya udongo chini kabisa ya genge kwa sababu ndiko bei ilikofika, hakuna. Mipango ya kuhamisha watu ambayo huwatambua wenye karatasi pekee huwaacha pale pale walio katika hatari kubwa zaidi, na wanaohamishwa bila kazi karibu hurudi, kama ilivyotokea Bududa nchini Uganda, ambako baada ya poromoko la Machi 2010 lililokadiriwa kuua zaidi ya watu 300 baadhi ya waliopelekwa mbali walirejea kwenye miteremko ileile, kwa kuwa ndiko yalikokuwa mashamba yao.

Katika nyumba kadhaa za ukingoni wakazi wanaweza kuanza na jambo dogo wakati fedha za kuta zikisubiriwa: alama mbili za rangi kila upande wa ufa, na tarehe. Umbali kati ya alama ukiongezeka kati ya mvua moja na nyingine, ardhi inasogea. Vivyo hivyo huko Isale, ambako ufa wa kilimani huonwa kwanza na anayelima juu yake. Msimu wa mvua hufungua mwezi Septemba, na unaoanza na vilima vilivyokauka na kupasuka kwa kiangazi ndio unaoingiza maji ndani zaidi.